Maji Baridi ya Kwao Mama Isobel

...baridi tu, kulikuwa na baridi, ndivyo Dorcus alivyomjibu Caren, kana kwamba mtu anaweza kukaa wiki nzima katika mji wa watu, akala samaki wao, akalala chini ya mapaa yao ya vigae vyekundu, kisha akarudi Dubai na neno moja tu mdomoni, baridi, lakini angesema nini zaidi na kichwa chenyewe kimeinamishwa hivi, kidevu kinagusa kifua, vidole vya Caren vinatembea nyuma ya sikio, vinagawa nywele kwa ncha ya kitana, vinavuta, vinapinda, vinavuta tena, na nje ya dirisha jua la mtaa wa Karama linapiga ukuta wa ghorofa la jirani mpaka macho yanauma, Jumapili mchana, siku yake ya mapumziko, na humu ndani vitanda vya juu na chini vimezungushiwa mapazia ya maua, kila mtu na pazia lake, na jikoni kuna mtu anakaanga dagaa wa omena, harufu inapita chini ya mlango bila kubisha hodi... "Inamisha tena, hapo hapo," akasema Caren, "sasa niambie, hawa matajiri wana bahari hapa, maji ya moto, mchanga mweupe, wanaiacha wanaenda kutafuta bahari ya barafu, hiyo ni akili kweli?" na Dorcus akacheka kicheko cha mtu aliyeinama, akasema, "Ni kwao, Caren, mama mzee alizaliwa huko Uzunguni," na mama mzee ndiye Mama Isobel, mama yake Madam Kirsty, ambaye Dorcus humwogesha na kumvisha na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu tangu alipovunjika nyonga akaletwa Dubai kukaa kwa bintiye, mzee wa nywele nyeupe laini na ulimi usiochelewa, siku ile ya kwanza alipoitwa madam alikunja uso, "Madam ni binti yangu, mimi niite Isobel," na Dorcus hakuweza, mdomo ulikataa, mtu aliyemzaa mwajiri wako utamwitaje jina tupu kama mtoto mwenzako wa shule, basi wakakutana katikati, Mama Isobel, na jina likakaa, mpaka Madam Kirsty mwenyewe siku hizi hujisahau akamwita mama yake hivyo hivyo... na safari ilianzia Hatta, ndiyo, Hatta, msimu wa baridi uliopita, walimpeleka mzee kule milimani apunge upepo, wakamweka kando ya bwawa, maji ya kijani yametulia kati ya majabali, watalii wanapiga makasia, na Mama Isobel akayatazama weee, kisha akauliza, "Haya maji hayaendi popote?" na Madam Kirsty akasema, "Ni bwawa, Mama, yanakaa hapa," na mzee akaanza kulia, bila sauti, bila hata kupangusa, akasema anataka kuyaona maji yanayoondoka na kurudi, ayaone kwao, kabla macho hayajafunga, na ndiyo hivyo, Agosti ilipoingia na hapa hata kivuli kinachoma, wakapanda ndege, Madam Kirsty, mama yake, na Dorcus wa kusukuma kiti.

"Huu upande unauma?" akauliza Caren, hauumi, unavuta tu, na Caren akaendelea na habari zake za hotelini, za msimamizi wa dobi anayewafokea yalla yalla tangu asubuhi kama anaswaga mbuzi, Dorcus akaitikia mm, mm, huku anauona ule mji, mji mdogo, ungeupita garini ukiwa umesinzia usijue umeupita, nyumba za mawe zimebanana, zimeipa bahari mgongo kwa sababu ya upepo, na bandari yake ndogo ambayo maji yakipwa mashua zinalala ubavu kwenye tope kama ng'ombe waliochoka, jioni maji yanarudi, yanaziinua moja moja bila haraka, na Mama Isobel alikuwa anataka kukaa pale pale ukingoni mpaka ya mwisho isimame, na shakwe, loo, ndege wakubwa kama kuku, walimpokonya Madam Kirsty chipsi mkononi, madam mzima akapiga yowe barabarani, na mwenye duka akatoka na aproni yake akamletea nyingine, amezifunga kwenye karatasi, siki inapenya mpaka vidoleni, akasema ndege hao ni wezi tangu zamani za babu yake, na watu wazima wenye makoti wanalamba aiskrimu katika upepo ule, wanatetemeka na wanalamba, Dorcus akasema moyoni hawa watu Mungu aliwaumba siku yake ya kucheka... na wote wanasalimia, hilo lilimshangaza, katika ule mji mtu hakupiti kimya, anasema hali ya hewa ni mbaya kisha anatabasamu, na yule mzee mwuza samaki wa moshi alimuuliza anatoka wapi, akamwambia Kenya, Nyamira, huko kwenye vilima vya majani chai, mzee akaingia dukani akarudi na samaki kwenye gazeti akamwekea kwenye mkono, "Mwenye chai ale na samaki," akasema, akaenda zake, hakungoja asante... na mabenchi, mabenchi ndiyo yaliyomtisha mwanzo, yamepangwa yote yanatazama bahari, na kila moja lina kibati cha shaba chenye jina la marehemu, fulani aliyepapenda mahali hapa, fulani mume wa fulani, Dorcus akasimama, hakuketi, nani atamkalia maiti wa watu, mpaka Mama Isobel akachoka kumtazama akasema, "Keti, mtoto, huyo alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, hakupenda hesabu yenyewe ila alipenda sana wageni," akaketi, nusu tako, na benchi likawa na vuguvugu la jua dogo la kule, na akafikiri, lakini hakusema, kwamba kuna watu ambao wafu wao wana mahali pa mtu kwenda kuketi nao.

Maana yeye hakuwa na mahali... "Desemba utaenda nyumbani," Caren anauliza sasa, sauti iko juu ya utosi wake, "ama tena utabaki? Wewe kila mwaka tiketi yako inaoza," na Dorcus akasema, "Tutaona," jibu lake la miaka yote, tutaona, inshallah, Mungu akipenda, maneno ya kufunikia sufuria, kwa sababu nyumbani pale kuna boma, na kwenye boma kuna nyumba ya mama, na nyuma ya nyumba pale penye mstari wa migomba kuna udongo ambao yeye hajauona ukiwa mbichi, na sasa umeshaota nyasi, na kwao mwanamke akifika kwenye boma lenye msiba hulia tangu njiani, kabla ya lango, mikono kichwani, sauti inatangulia mwili, hivyo ndivyo alivyowaona shangazi zake wakifika tangu yeye ni mdogo, na yeye atafikaje, miaka imeenda, watu wamemaliza kulia, wamerudi kupika na kucheka na kuchuma majani chai, atasimama langoni na sanduku lake la magurudumu alie na nani, na akishindwa kulia watasema jangwa limemkausha, na pengine ni kweli, kwa sababu siku ile yenyewe hakulia, siku ile alikuwa katika nyumba nyingine, si kwa kina Madam Kirsty, nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi Dubai, amebeba sinia la wali kuelekea sebuleni kwa wageni, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni, akaipokea kwa bega, ni Zedekiya, kaka yake, hakusema habari wala nini, alisema, "Dorcus, Mama ametuacha asubuhi," na sinia halikuanguka, hilo ndilo linalomuumiza, mikono yake ililishika imara, ikalifikisha, ikalitua mezani katikati ya wageni, ikapanga vijiko, na alipomwendea mwajiri wa nyumba ile jikoni akamnong'oneza, mwajiri akasema pole, pole sana, lakini wageni kwanza, khalas, basi, tutazungumza kesho, na kesho ikawa pasipoti iko kwa mtu, mtu yuko safarini, na mama akazikwa huku yeye anatazama kwenye simu akiwa amekaa sakafuni bafuni, picha inakatika, inaganda, aliona miguu ya watu na tope jekundu na upindo wa suti ya Zedekiya, na pale bafuni alijaza taulo mdomoni, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watoto wamelala usingizi wa mchana, na kile kilio kikarudi chini, kikakaa, na baadaye alipopata kazi nyingine na siku za mapumziko na marafiki kama huyu Caren, hakumwambia mtu, ungeanzia wapi, msiba umeshapoa, utawaambia watu waje wakupe pole kwa jambo la mwaka jana, la mwaka juzi...

"Basi walau kulikuwa na kitu cha kuona huko?" anauliza Caren, na Dorcus anasema, "Nilimbeba mama mzee mgongoni," na Caren akacheka mpaka kitana kikamponyoka, "Mgongoni! Mzungu!" ndiyo, mgongoni, kwa sababu nyumba aliyozaliwa Mama Isobel iko kwenye kichochoro cha mawe kinachopanda, magurudumu yakakwama, Madam Kirsty akasema basi Mama tutaitazama kutoka hapa chini, na uso wa mzee ukafanya kitu, ukafifia kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta, na Dorcus hakufikiri, alichuchumaa mbele ya kiti akageuza mgongo, "Panda, Mama," na Madam akasema, Dorcus, hapana, na Mama Isobel alikuwa ameshamshika mabega, mwepesi kuliko debe la maji, Dorcus akamfunga kwa shali lake kiunoni namna alivyowabeba wadogo zake wote, wakapanda, polepole, kijana mmoja aliyekuwa akipaka rangi dirisha akashuka ngazi akapiga makofi, na mlango wa ile nyumba umepakwa buluu, ulikuwa kijani, mzee akasema ulikuwa kijani, akanyoosha mkono kutoka mgongoni akaugusa kwa kiganja, wakakaa hivyo, na wakati wa kushuka mdomo wa mzee uko karibu na sikio lake akauliza, "Mama yako alikubeba hivi?" ndiyo, "Yuko hai?" hapana, "Ulimlilia?" na hapo Dorcus alitazama pa kukanyaga, mawe yana utelezi, na mzee hakurudia swali, aliegemeza shavu tu kwenye shingo yake mpaka chini.

Na asubuhi yake ndipo palipokuwa na maji... hilo Caren ataelewaje, hata yeye mwenyewe hajui alielewe vipi, kuna kidimbwi kule, kikubwa, kimezungushiwa ukuta wa mawe kwenye miamba ya pwani, bahari ikijaa inakijaza, ikipwa inakiachia maji yake, na humo ndimo kina mama wa ule mji wanapooga kila asubuhi, mvua ije ukungu uje, wote wazee, wenye kofia za mpira na miguu yenye mishipa, wanashuka ngazi za chuma wanazungumza habari za wakwe zao kana kwamba wanaingia sokoni, na rafiki wa Mama Isobel wa tangu utotoni, anaitwa Morag, mabega mapana kama mbeba magunia, akatoka majini anachuruzika akasema, "Wewe ndiye Dorcus, haya vaa hii," akampa nguo ya kuogelea ya bintiye, na Dorcus akasema siwezi, mimi mtu wa bara, sijui kuogelea, na kweli miaka yote ya Dubai ameijua bahari kwa kushika viatu vya watoto wa wengine, na Mama Isobel kwenye kiti chake akasema, "Maji yanafika kifuani tu, ingia, mimi siwezi, ingia badala yangu," basi angefanyaje, mzee amekwambia uingie badala yake, akavaa, ikamtosha, akashuka ngazi ile akiomba, mguu wa kwanza ukakatwa, ndivyo alivyohisi, umekatwa, wa pili, magoti, na kina mama wanamwita njoo, njoo, Morag amemshika mkono, na maji yalipofika tumboni pumzi ikakimbia yote, mdomo ukafunguka, hakuufungua yeye, na kitu kikatoka, mwanzo alidhani ni baridi, kina mama nao walidhani ni baridi, wakaanza kucheka kile kicheko cha kumpokea mgeni, kisha kikatoka tena, kirefu, kutoka chini kule kilikokuwa kimeketi, "Baba! Baba, baba!" kwa maana kwao mama ndiye huitwa baba, na hakuna mtu katika ule mji, hata mmoja, aliyejua neno hilo, hakuna aliyelala usingizi nyuma ya ukuta, hakukuwa na mgeni wa kupakuliwa wali, kulikuwa na mawe na shakwe na bahari kubwa ya kijivu ambayo haikushtuka, na akapiga nduru kama walivyopiga shangazi zake langoni, mikono kichwani, maji kifuani, na Morag aliacha kucheka kabla ya wenzake, akamshika chini ya makwapa asizame, akasema tu, "Ndiyo, mpenzi. Ndiyo," na wale wengine wakaja wakamzunguka ndani ya maji, kofia zao za mpira za rangi rangi, hawakuuliza, wakasimama naye katika baridi ile, wazee wale, midomo imegeuka buluu, mpaka kilipoisha chenyewe... na akapewa chai kwenye kifuniko cha themosi, tamu ajabu, na meno yanagonga kifuniko, na Mama Isobel hakumtazama usoni, alikuwa anaangalia bahari, kama mtu anayekusitiri, akasema maji yameanza kuondoka, angalia.

"Tulia basi, unatikisika," Caren anasema, na kweli anatikisika, mabega, na hajui ni kucheka au ni nini, kwa sababu sasa hivi, hapa, na kichwa mikononi mwa Caren, ameliona jambo ambalo lilikuwa mbele yake tangu Agosti, ule mfuko, mfuko wa asubuhi ile, Mama Isobel hajawahi kujipangia mfuko, hawezi hata kufunga zipu, lakini siku ile aliupanga mwenyewe kitandani, alikataa kusaidiwa, na ndani mlikuwa na taulo kubwa, na sweta nene la sufu, na soksi za Dorcus, za Dorcus mwenyewe, zilizotoka kwenye droo ya Dorcus, mtu asiyeweza kuingia majini anabebea nini taulo, na yeye akadhani ni uzee, alimhurumia mzee moyoni akasema anasahau siku hizi, na ile nguo ya kuogelea iliyomtosha, Morag aliijuaje saizi yake, na Morag alimwita jina kabla hajatajiwa... ah, Mama Isobel, mama wee, kumbe usiku ule wakati Dorcus anamchemshia maziwa alikuwa kwenye simu na rafiki yake, kumbe swali la kichochoroni halikuachwa, lilichukuliwa, likabebwa, likapangiwa taulo, na hakusema hata neno, hakutaka ashukuriwe, na kurudi Dubai wamerudi, kila siku amemwogesha na kumvisha, na mzee anaulizia chai na kulalamikia kiyoyozi kama kawaida, na leo asubuhi wakati Dorcus anaaga alimwambia, "Sema wakusuke vizuri, usirudi na mabonde," sasa hivi amelala ule usingizi wake mfupi wa kitini, mdomo wazi, kule kwa kina Madam Kirsty, anapumua, yuko hai, na Dorcus anajisikia kifua kimejaa kitu cha moto, Mungu wangu, watu wamemtunza bila yeye kujua, mzee wa watu, kina mama wa watu waliosimama na baridi kwa ajili ya maiti wasiyemjua, angeweza kupiga magoti hapa hapa sakafuni kwa Caren... na kama ile sauti ilitoka kule, mbali, katika maji ya wageni, basi ipo, haikukauka, ilikuwa yake wakati wote, ataifikisha langoni, atafika Desemba, atamwambia Zedekiya asiwaambie watu, au awaambie, yote sawa, atatelemka pale barabarani na kuanza tangu kwenye kona ya kiwanda cha majani chai, na wanaochuma wainue vichwa, na wakisema msiba huu ni wa zamani, uwe wa zamani, yeye ndiyo kwanza anafika... "Au nimevuta sana?" Caren anainama, anajaribu kumwona uso, "Dorcus, unalia?" na omena jikoni zinapigapiga mafuta, na jua liko pale pale ukutani, na nusu ya kichwa bado haijasukwa.

"Caren," akasema.

"Mm?"

"Mamangu alikufa. Mimi sikuenda."

Vidole vikasimama. Vilisimama tu pale utosini, vina mafuta, vina joto, havikutoka, na Caren akauliza taratibu, kama mtu anayeomba kuingia ndani kwa watu, "Aliitwa nani?"

"Bosibori."

"Bosibori," akasema Caren, akilipima jina katika mdomo wake wa Kijaluo, akalirudia likanyooka, "Mama Bosibori," kisha akachukua nywele nyingine, akaanza kusuka.